Maiki Isiyosikia Jogoo

Mume wangu Ridha ni mwalimu wa sayansi, na mwalimu wa sayansi ukimwambia kitu kimeharibika hakuulizi unajisikiaje. Anatafuta bisibisi. Kwa hivyo watu walipoanza kulalamika kwamba sauti yangu haisikiki vizuri, yeye alijua pa kuanzia. Alianza kutafuta maiki.

Hebu nieleze kwa utaratibu, maana mie nikichoka huruka maneno. Tunakaa Chake, huku Gombani, nyumba ya bati, mie na Ridha na binti yetu Samiha na mama mkwe wangu Bi Mwanawema. Nina kipindi changu, hivi vipindi vya kusikiliza kwenye simu ambavyo siku hizi watu wanaviita podikasti. Ridha ndiye aliyenizonga mpaka nikakianzisha. Mie ni mtu wa Shumba Mjini, na Kipemba cha Shumba bado kimo mdomoni mwangu, hakijaoshwa na skuli wala na mji. Basi kuna watoto wetu waliozaliwa Maskati, Mombasa, Uingereza, mama zao wanataka wasikie wanavyosema bibi zao. Kila wiki nawapa ngano, nawafundisha neno moja au mawili, nawatania kidogo, nawaaga. Na kila mara naanza hivi hivi: "Wanangu, mu wazima?" Watoto huko waliko wanajibu kwa makelele, wazazi wanawarikodi na kututumia. Ridha alikuwa anapenda sana kuzisikiliza zile sauti.

Halafu mimba yangu ikaharibika. Nalisema mapema hili mtu asije akadhani nimeketi kusimulia vyombo vya umeme. Ilikuwa imeshapita miezi minne na mtoto nilikuwa namsikia anavyocheza. Mwanamume. Kwetu mtoto wa kadiri hiyo ni maiti kama maiti nyengine: anaoshwa, anavishwa sanda, anapewa jina, anazikwa. Mie nilikuwa nimelala hospitali, na wanawake hatwendi makaburini. Ridha kamchukua mwanangu, kenda kumzika yeye na Shehe Nyange na majirani wawili. Karudi na udongo kwenye pindo la kanzu, kakaa ukingoni mwa kitanda, kanishika mguu juu ya shuka. Jina hakulitaja. Nami sikumuuliza, kwa sababu jina la mtoto hulitoa baba, na nilijua ataniambia mwenyewe akipata nafasi.

Hakuniambia. Tulirudi nyumbani, hakuniambia. Wageni wakaja, wakaondoka, hakuniambia. Mara nyengine namwona anafungua mdomo, namwangalia, halafu anauliza kama pipa lina maji. Bi Mwanawema kaniita chumbani kwake kaniambia, "Mwanangu, lililopita limepita, usilichokonoe. Mungu atakupa mwengine." Kila aliyeingia mlangoni kanambia mwengine. Khaa! Nani aliyetaka mwengine? Mie nlitaka kujua yule anaitwa nani ili nikimwombea dua nimtaje. Nilikuwa nasema "yule". Ya Rabbi, mrehemu yule. Mtu anamwombea mwanawe kama vile jirani wa zamani aliyemsahau jina.

Nilirudi kurikodi mapema kuliko nilivyotakiwa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilidhani nikikaa mbele ya simu na watoto wangu wa Maskati nitapata nafuu. Simu ikawekwa juu ya mto kama kawaida, Ridha kanipa ishara, nikafungua mdomo, na lile neno la kwanza likakwama. Wanangu. Liko pale, naliona, halitoki. Nikalisema kwa pumzi tu, nikaruka kwenye "mu wazima", nikaendelea na ngano. Ridha alikuwa anaangalia betri.

Basi ujumbe ukaanza kuingia. Mama mmoja wa Maskati, Bi Rahma, kaandika kwamba mwanawe anangoja kuitwa na haitwi, anasikia "mu wazima" tu, anamuuliza mama yake, Bi Safaa kanikasirikia? Wengine wakasema sauti iko mbali, wengine wakasema inatetemeka, labda mtandao. Ridha kakaa na simu siku nzima anasikiliza mwanzo wa kipindi, anarudisha, anasikiliza, anarudisha. Mwisho kaja jikoni uso umemng'aa. "Nshaijua!" kasema. "Hii simu ina kitu ndani yake kinachopunguza kelele. Sasa hakijui kipi kelele kipi sauti. Unapoanza kusema, hakijakutambua bado, kinameza neno la kwanza!"

"Simu haimezi kitu," nikamwambia. "Mie ndiye ninayemeza."

Kacheka. Kadhani namtania. Nami nilikuwa na samaki mkononi na mafuta yanapiga kelele, sikuwa na nguvu ya kumwambia sitanii.

Tangu hapo nyumba ikawa ya maiki. Nasema kweli, mie Ridha alinichumbia baada ya kuniona mara mbili tu, zote mbili nimevaa buibui. Maiki aliitazama mbele, nyuma, tumboni na mgongoni. Akila anasoma habari za maiki. Akitoka skuli anaangalia video za maiki. Kuna ya aina mbili, kanifundisha, nami nikafundishika, maana sikuwa na pa kukimbilia. Moja inaitwa kondensa. Hiyo ina masikio makali, inasikia kila kitu: mvua kwenye bati, bodaboda barabarani, Bi Mwanawema anavyokohoa, na jogoo wa jirani yetu Bi Kazija, ambaye hana saa, huwika wakati wowote anaopenda. Ya pili inaitwa dainamiki. Hiyo ni nzito ya masikio. Haisikii ila yule aliyeisogelea karibu kabisa akasema nayo mdomo kwa mdomo.

"Watu wote wananunua kondensa kwa sababu kwenye video inasikika nzuri," kaniambia, kidole juu kama yuko mbele ya ubao. "Lakini wale wana vyumba vilivyozibwa. Sisi tuna bati na jogoo. Kwetu inafaa ile isiyosikia."

"Isiyosikia nnayo tayari," nikasema.

Hakunielewa. Kaendelea. Ilipasa iwe ya yuesibii, yaani waya wake uingie kwenye kompyuta moja kwa moja, maana zile nyengine zinataka kisanduku cha kati na kisanduku kinagharimu kuliko maiki yenyewe. Iwe na tundu la hedifoni, ili mtu asikie hapo hapo kinachoingia na si baadaye. Iwe na stendi nzito. Na juu ya yote isiwe ghali, maana yeye ni mwalimu na mie nauza mikate ya kumimina. Ukiziweka sifa zote hizo pamoja, utaona kwa nini mtu anaweza kupotelea humo asirudi. Lakini kila jioni nikimtazama najiuliza huyu mtu anatafuta nini hasa. Nilimchukia kidogo, Mungu anisamehe. Hakuwa amefanya ubaya wowote, ila kule alikokuwa sikuweza kumfikia, na msiba ule peke yangu nilikuwa nimeshindwa kuubeba.

Siku moja nikasema leo namuuliza, liwalo na liwe. Ilikuwa baada ya alasiri, tuko ukumbini, mie nachambua mchele kwenye ungo, yeye ameegemea ukuta, simu mkononi. Samiha yuko nje anaruka kamba. Nikakusanya maneno, nikayapanga, nikayatoa huku nimeinamia mchele, kwa sababu kumtazama nisingeweza.

"Baba Samiha. Mulimpa jina gani?"

"Jina?" kasema. "Jina lenyewe hata kulisoma siwezi, la Kichina. Lakini kila mtu anaisifu, wanasema kwa bei ile hupati nyengine kama hiyo."

Nikainua uso. Alikuwa na vile vidude vya masikioni, vyeusi, vimejificha ndani ya nywele, sikuviona. Alisikia "jina gani" na hakusikia kitu kingine. Kanigeuzia simu nione picha. Maiki nyeusi, imesimama juu ya kimguu chake. Nikaitazama. Nikasema, nzuri. Nikarudi kwenye ungo, na mchele ule niliuchambua mpaka haukubaki na chuya hata moja, halafu nikauchambua tena.

Mie sina tabia ya kuuliza mara mbili. Pengine ni kiburi, mama yangu alikuwa akinambia ni kiburi. Nilijiambia, keshaulizwa, basi. Kama ana jina mfukoni na amelificha, na alale nalo.

Sasa Ridha ana mdogo wake, Seif, anafanya biashara Unguja, pale Darajani. Ridha kamwandikia amtafutie. Na hapa lazima niseme kwamba mume wangu ni miongoni mwa wale walimu wanaojifunga kibwebwe kutetea Kiswahili sanifu. Neno "maiki" halimtoki mdomoni mbele ya watu. Kamwandikia ndugu yake: "Nitafutie kipaza sauti cha yuesibii, cha bei ya wastani, cha kutumia nyumbani." Mie nilipomwona anaandika nilitaka kumwambia aandike maiki tu, lakini nikasema yeye ndiye msomi.

Mzigo ukashuka na boti Mkoani, ukaletwa mpaka mlangoni na gari. Kasha lilinifika kiunoni. Ridha kazunguka lile kasha mara mbili, macho yamemtoka kama mjusi kabanwa na mlango. Kafungua. Spika. Spika ya harusi, ina taa nyekundu na za kijani zinazokimbizana, na ubavuni ina tundu la yuesibii la kutia flashi. Kampigia ndugu yake pale pale.

"Seif! Nlikwambia kipaza sauti!"

"Na hicho nini, yakhe?" Seif alisikika mpaka jikoni. "Kusanya watu hapo nyumbani kwako ukiwashe, kama hakipazi nirudishie."

"Hii ni spika!"

"Na spika si ndiyo inayopaza? Hebu nambie vizuri kaka. Weye ulitaka kinachopaza, au ulitaka kinachosikia?"

Mie nilicheka. Tangu hospitali sikuwa nimecheka, na nilicheka mpaka nikakaa chini jikoni, tumbo linaniuma pale pale lilipokuwa linauma. Kinachosikia, Seif. Nyumba hii nzima tunataka kinachosikia. Halafu kicheko kikageuka, nikajifuta uso kwa kanga, nikainuka kugeuza mkate kabla haujaungua. Bi Mwanawema ndiye aliyefurahi. Spika kaichukua yeye, kaiweka chumbani kwake, na tangu siku hiyo tukawa tunaamshwa na kaswida na taa za kijani chini ya mlango.

Skuli zilipofunga Ridha kenda Unguja mwenyewe. Karudi na kiboksi kidogo amekishika kwa mikono miwili. Alichagua ile dainamiki. Si ile ya Kichina aliyonionyesha, hiyo ilikuwa imekwisha. Kachukua nyengine ya bei hiyo hiyo, duni kwa sura, rangi ya mkaa, ina wavu mbele kama chujio la chai. Ina tundu la hedifoni na kigurudumu kidogo cha kuongeza na kupunguza. Kwa hili nimpe haki yake: alichagua vizuri. Mtu yeyote mwenye nyumba ya bati akiniuliza, nitamwambia anunue kama ile.

Tulingoja siku nyumba itulie. Jumamosi moja asubuhi Samiha alikuwa chuoni anasoma Kurani, Bi Mwanawema kenda Kengeja kwenye harusi ya mtu wa upande wao, na spika yake imezimwa. Ridha kasimamisha godoro dirishani, katundika blanketi mlangoni, kaweka maiki juu ya kigoda na kigoda juu ya meza. Joto humo ndani, usiniulize. Mie nilikuwa nimeshaoka, nimeshafua, nimeshapeleka mikate dukani, na asubuhi yenyewe bado haijafika kati. Nilikuwa nimechoka ule uchovu ambao hata ukilala unaamka nao. Nilikaa kwa sababu kukaa ni bora kuliko kusimama.

Ridha kakaa kitandani, kompyuta magotini. Kavaa hedifoni kubwa, zile zinazofunika sikio zima, kaziazima kwa mwalimu mwenzake. Waya wake ukaingia kwenye maiki.

"Sema chochote, nipime."

"Chochote."

Kacheka. "Sogea. Ngumi moja tu baina ya mdomo wako na maiki. Usiielekee hasa, kaa upande kidogo, pumzi isiipige. Hapo. Sema tena."

"Nasema tena. Joto. Nimechoka. Nataka maji."

"Loo!" macho yakamtoka. "Safaa! Nasikia mpaka unavyomeza mate!"

Huko nje jogoo wa Bi Kazija kawika, kirefu, kama aliyelipwa. Ridha kainua kidole, kasikiliza, uso wote ukacheka. "Hasikiki! Wallahi hasikiki hata kidogo!" Alifurahi kama mtoto wa sikukuu aliyevishwa viatu vipya. Nami nikamwonea huruma, na nikakasirika kwa kumwonea huruma.

"Haya," kasema. "Anza."

Nikaanza. Wa. Likakwama.

"Tena. Usiwe na haraka."

"Wanangu..." Pumzi ikakatika katikati.

Ridha kapeleka mkono kwenye kile kigurudumu, kakizungusha kidogo. "Tena," kasema, na safari hii sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Wanangu, mu..."

Kanitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu siku ya hospitali. Ile simu ya zamani ilikuwa inamletea sauti yangu kwa mbali, imechanganyika na bati na mabodaboda, sasa imemjia peke yake, imemwingia mpaka ndani.

"Unaumwa kifua?"

"Siumwi."

"Pumzi yako inakatika. Inakatika pale pale, kwenye neno lile lile." Kashika tena kigurudumu. "Labda nimepandisha sana. Ngoja nipunguze..."

"Kiache hicho kigurudumu!"

Kakiacha. Nikamtazama amekaa pale, masikio yote mawili yamefunikwa, hana video, hana Mchina, hasikii jogoo wala barabara wala mama yake. Alikuwa hasikii kitu duniani ila mie. Tangu kuolewa sikuwahi kumpata namna ile. Nikasogea, ngumi moja, upande kidogo, kama alivyonifundisha.

"Ridha," nikasema.

Kashtuka. Mie simwiti kwa jina lake. Mbele ya watu na hata tukiwa wawili ni Baba Samiha, kama wanawake wote wa kwetu.

"Ridha, mulimpa jina gani mwanangu?"

Mkono wake ukaenda kwenye hedifoni.

"Usivue," nikamwambia. "Nilikuuliza siku ile nikichambua mchele. Ukanambia la Kichina."

Nikamwona anakumbuka. Ilimjia polepole, kwanza machoni, halafu mdomo ukamlegea. Kafunika uso kwa viganja, na hedifoni bado ziko masikioni, kakaa hivyo. Mie nikangoja. Nilikuwa nimengoja sana, kidogo zaidi si kitu.

"Sikumpa," kasema ndani ya mikono yake.

"Nini?"

"Sikumpa jina, Safaa." Kashusha mikono. "Shehe Nyange alishamlaza. Kainua uso kaniuliza, jina? Nlikuwa nalo. Nlilifikiri njia nzima tangu hospitali. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Kaniuliza tena, haikutoka. Watu wamesimama wananitazama. Shehe kasema basi, baadaye, Mungu anamjua. Wakafukia. Kila siku nataka kukwambia. Nikwambie nini? Nikwambie mwanao nimemzika hana jina, kwa sababu mie baba yake nimeshindwa neno moja?"

Nilikasirika. Nisidanganye, kitu cha kwanza kilikuwa hasira, na ilikuwa hasira ya kutaka kuvunja vitu. Siku zote hizo namwona kama mtu aliyeficha tunu, namchukia kwa ajili ya tunu, kumbe mfuko mtupu. Mwanangu yuko chini ya ardhi, hata malaika hawana la kumwita. Nilimwambia. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, na yote yalimwingia masikioni safi kabisa, bila jogoo. Hakuvua hedifoni. Kakaa akayapokea.

Nilipomaliza nikawa sina nguvu tena. Nikamtazama mtu yule, ambaye darasani husema tangu asubuhi mpaka mchana bila kunywa maji, ambaye msikitini akiitikia husikika safu ya nyuma, nikamwaza amesimama pale mbele ya kaburi dogo amefungua mdomo na hakitoki kitu. Neno langu lilikuwa linakwama na neno lake lilikuwa limekwama. Tulilala kitanda kimoja, kila mtu na lake kooni, na kutwa tunazungumza habari za waya.

"Mpe sasa," nikamwambia.

"Sasa?"

"Kwani kaenda wapi? Yuko pale pale mulipomweka. Mpe."

Nikainuka, nikamvua hedifoni, zilikuwa na jasho, nikazivaa mie. Nikaigeuza maiki ikamwelekea. Humo ndani ya hedifoni kulikuwa na kimya ambacho sijapata kukisikia katika nyumba ile, halafu nikaanza kusikia pumzi ya mume wangu, inaingia, inatoka, inagonga. Kafungua mdomo. Kaufunga. Nikamwona shingoni mshipa umesimama. Sikumsaidia, kwa sababu lile neno lilikuwa lake.

"Silima," kasema. "Silima bin Ridha."

Ilikuwa sauti ndogo, imepasuka katikati, mtu mzima hungemdhania. Ikaniingia masikio yote mawili kwa pamoja. Wallahi nilisikia. Nilisikia kila herufi. Lakini nikamwambia sikusikia vizuri, asogee karibu, aseme tena.